Maji ya Singida: Bomba limefika, swali la floraidi limebaki

MGENI anayeingia Singida Mjini kwa mara ya kwanza anaweza kudhani kuwa huu ni mji usio na shida ya maji. Upande mmoja lipo Ziwa Singidani, upande mwingine Ziwa Kindai, na kati yake mji umejengwa juu ya miamba mikubwa ya matale ambayo imekuwa alama yake kwa miaka mingi.

Wenyeji wanajua kuwa sivyo. Maziwa hayo mawili hayana mto wa kutolea maji. Kinachoingia humo wakati wa mvua huondoka kwa mvuke wa jua, na chumvi zote hubaki. Ndiyo maana maji yake ni ya chumvichumvi na hayafai kunywewa wala kupikiwa. Maji ya kunywa ya Singida Mjini hutoka chini ya ardhi, katika visima virefu kama vile vya Mwankoko na Irao, na husambazwa na Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira Singida (SUWASA) hadi majumbani, kwenye magati na kwenye taasisi.

Kwa miongo kadhaa mjadala wa maji katika mji huu umekuwa juu ya wingi. Je, bomba limefika mtaa gani? Maji yanatoka mara ngapi kwa wiki? Ndoo moja inauzwa kiasi gani? Hayo ni maswali halali, na mama anayeamka alfajiri kutafuta maji hana haja ya kuelezwa umuhimu wake. Lakini lipo swali jingine ambalo halisikiki sana kwenye mikutano ya hadhara: maji hayo yakishapatikana, yana nini ndani yake?

Swali hilo lina uzito wa pekee hapa kwa sababu Singida ni miongoni mwa mikoa ambayo wataalamu wameitaja kwa muda mrefu kuwa na madini ya floraidi kwa wingi katika maji ya ardhini, pamoja na Arusha, Kilimanjaro, Manyara, Shinyanga na Mara. Floraidi haionekani kwa macho, haina harufu, na kwa viwango vinavyopatikana visimani haina ladha ya kumwonya mnywaji. Maji yanaweza kuwa maangavu kama kioo, yametiwa dawa na kuua vijidudu vyote, na bado yakawa yanamdhuru mtoto taratibu kwa miaka.

Ni vyema ieleweke kwamba floraidi yenyewe si sumu kwa kila kiwango. Kwa kiasi kidogo huimarisha meno, na ndiyo sababu huwekwa katika dawa nyingi za meno. Tatizo huanza kiasi kinapozidi. Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita moja, na linashauri kila nchi izingatie hali yake ya hewa, kwa kuwa watu wa maeneo ya joto hunywa maji mengi zaidi na hivyo hupata madini mengi zaidi kwa siku.

Kiwango kikizidi hapo, dalili za kwanza huonekana kwenye meno. Huanza kwa madoa meupe kama chokaa, kisha madoa hayo hugeuka rangi ya kahawia, na meno yaliyoathirika sana huchimbika na kumeguka. Madhara haya hupatikana wakati meno ya kudumu yanapoumbwa ndani ya fizi, yaani tangu utotoni hadi umri wa miaka minane hivi. Mtu aliyehamia Singida akiwa mtu mzima hatapata madoa hayo hata akinywa maji yale yale. Mtoto aliyezaliwa hapa anayapata, na akishayapata hakuna mswaki wala dawa ya kuyaondoa.

Viwango vikipanda zaidi, hasa kuanzia miligramu nne kwa lita na kuendelea, na mtu akinywa maji hayo kwa miaka mingi, madhara huhamia kwenye mifupa. Viungo hukakamaa, mgongo na magoti huuma, na baadhi ya watoto hupinda miguu na kupata matege. Mzee mwenye maumivu hayo huambiwa ni uzee au ni baridi ya usiku. Hakuna anayekumbuka kuuliza alikunywa maji ya kisima gani kwa miaka hamsini.

Chanzo cha tatizo hili si uchafuzi wa kiwanda wala uzembe wa mtu. Ni jiolojia. Miamba ya matale iliyotandaa chini ya Singida ina madini yenye floraidi. Maji ya mvua yanapopenya taratibu katika nyufa za miamba hiyo na kukaa humo kwa muda mrefu, huyeyusha madini hayo. Pale ambapo maji yana magadi mengi na chokaa kidogo, floraidi hubaki imeyeyuka, kwa kuwa chokaa ndiyo ambayo ingeikamata na kuishusha chini. Hali ya ukame, ambapo mvua ni kidogo na jua ni kali, huzidisha mkusanyiko huo.

Jiolojia hiyo hiyo inaeleza jambo moja muhimu kwa mpangaji wa mji. Kiwango cha floraidi hakilingani kila mahali. Visima viwili vilivyochimbwa katika kata moja vinaweza kutofautiana kabisa, kimoja kikiwa salama na kingine kikizidi kiwango mara kadhaa, kutegemea mwamba na kina kilichofikiwa. Kwa hiyo kauli ya jumla kwamba "maji ya Singida ni mabaya" si sahihi, kama ambavyo kauli kwamba "maji ya Singida ni salama" haiwezi kuwa sahihi kwa kila kisima. Jibu lililo sahihi ni la kisima kimoja kimoja.

Ili kuelewa kwa nini jibu hilo halijawa sehemu ya maisha ya kila siku, ni lazima kurudi nyuma miaka hamsini. Mwaka 1971 Serikali ya Mwalimu Julius Nyerere ilizindua mpango wa miaka 20 wa kumpatia kila mwananchi wa kijijini maji safi ndani ya umbali wa mita 400 kutoka nyumbani ifikapo mwaka 1991. Ulikuwa mpango wa kijasiri katika nchi maskini, na visima virefu vilikuwa nguzo yake katika mikoa mikavu ya kati.

Mara wataalamu walikabiliwa na ukweli mgumu. Kama nchi ingefuata kiwango cha kimataifa cha floraidi, vyanzo vingi vya mikoa kadhaa visingefaa kutumika, na wananchi wangerudi kwenye madimbwi. Mwaka 1974 kikawekwa kiwango cha muda kilichoruhusu hadi miligramu nane kwa lita, zaidi ya mara tano ya kile kinachopendekezwa na WHO leo. Uamuzi huo haukufanywa kwa kutojua. Ulikuwa uchaguzi kati ya madhara mawili: kipindupindu na kuhara ambavyo huua mtoto kwa siku chache, au floraidi ambayo hudhuru kwa miaka mingi.

Hata hivyo, cha muda kilidumu. Baadaye kiwango cha taifa kilishushwa hadi miligramu nne, na ilipofika mwaka 2018 Shirika la Viwango Tanzania (TBS) lilikishusha hadi miligramu 1.5, sawa na cha WHO. Hilo lilikuwa jambo la kupongezwa. Lakini lilikuwa na matokeo ambayo hayakuelezwa kwa wananchi. Kisima chenye miligramu tatu ambacho jana kilikuwa halali kisheria, kesho yake kilikuwa nje ya kiwango. Maji hayakubadilika hata tone moja. Kilichobadilika ni karatasi, na mnywaji hakupewa nakala.

Hapa ndipo ulipo mzizi wa suala la Singida. Taifa limebadili viwango vyake vya ubora, lakini halijabadili namna linavyohesabu mafanikio. Lengo lililotangazwa kwa mwaka 2025 lilikuwa kufikisha huduma ya maji kwa asilimia 95 ya wakazi wa mijini na asilimia 85 ya wakazi wa vijijini. Takwimu za namna hiyo huhesabu bomba, gati na umbali. Mtu akiishi karibu na gati, amehesabiwa kuwa amepata huduma. Iwapo maji ya gati hilo yana floraidi nusu miligramu au miligramu tano, hesabu ni ile ile.

Hata pale ubora unapopimwa kila siku, mkazo huwa kwenye mambo yanayoleta maradhi ya ghafla: uwepo wa vimelea, tope na kiasi cha klorini kilichobaki ndani ya bomba. Mkazo huo una sababu zake. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 ulisambaa karibu nchi nzima, na hadi mwanzoni mwa mwaka 2018 ulikuwa umeshawapata watu zaidi ya 30,000 na kuua zaidi ya 500. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayeweza kuitaka mamlaka ya maji ipunguze klorini ili ishughulikie floraidi.

Kosa lingekuwa kudhani kwamba kinga ya kipindupindu ni kinga ya kila kitu. Ushauri ambao umefundishwa kwa miaka mingi mashuleni na zahanati, yaani chemsha maji ya kunywa au tia dawa, ni sahihi kabisa dhidi ya vimelea. Dhidi ya floraidi haufanyi kazi. Klorini haiigusi. Kuchemsha hakuiondoi, bali maji yanapopungua kwa mvuke floraidi iliyobaki huzidi kukolea. Mama anayechemsha maji kwa uangalifu mkubwa kila jioni anamlinda mwanawe dhidi ya homa ya matumbo, na hapo hapo anaweza kuwa anampa floraidi iliyokolea kidogo zaidi. Hajakosea. Hakuambiwa.

Zipo nchi ambazo zimepita njia hii. Bangladesh, kuanzia miaka ya 1970, ilichimba mamilioni ya visima vya pampu kwa msaada wa mashirika ya kimataifa, likiwemo UNICEF, ili kuwaondoa watu kwenye maji ya madimbwi yaliyokuwa yakiua watoto kwa kuhara. Visima vilifanikiwa. Kisha katika miaka ya 1990 ikabainika kwamba vingi kati ya visima hivyo vilikuwa na sumu ya aseniki iliyotoka ardhini, isiyoonekana wala kunusika, na kwamba mamilioni ya watu walikuwa wameinywa kwa miaka mingi.

Hatua iliyofuata ndiyo yenye funzo kwa Singida. Visima vipatavyo milioni tano vilipimwa, na mdomo wa kila pampu ukapakwa rangi: kijani kwa kisima salama, nyekundu kwa kisima kilichozidi kiwango. Visima vyekundu havikufungwa vyote. Watu waliendelea kuvitumia kufulia na kuogea, lakini familia nyingi zilizokuwa karibu na kisima cha kijani zilihamia huko kwa maji ya kunywa. Rangi haikumaliza tatizo, na nchi hiyo bado inapambana nalo. Lakini ilimpa mwananchi wa kawaida, hata asiyejua kusoma, uwezo wa kuchagua siku hiyo hiyo.

Mfano mwingine unatoka katika nchi tajiri. Nchini Kanada, jamii nyingi za wenyeji wa asili zimeishi kwa miaka mingi chini ya tangazo rasmi la kutokunywa maji ya bomba bila kuyachemsha. Jamii ya Neskantaga, kaskazini mwa jimbo la Ontario, ipo chini ya tangazo hilo tangu mwaka 1995. Mwaka 2015 serikali mpya ya nchi hiyo iliahidi kuyamaliza matangazo yote ya muda mrefu ifikapo Machi 2021, na tarehe hiyo ikapita kabla ahadi haijatimia. Lakini kila mtu alijua kwamba haikutimia, kwa sababu idadi ya matangazo ilikuwa ikichapishwa hadharani, ikapungua na wakati mwingine kuongezeka mbele ya macho ya wananchi. Aibu ya wazi iliisukuma serikali kufanya zaidi ya ilivyofanya katika miaka mingi iliyotangulia.

Singida haina upungufu wa watu wanaoweza kupima. Mji huu ndio makao makuu ya Bodi ya Maji ya Bonde la Kati, chombo kinachosimamia rasilimali za maji katika eneo kubwa la nchi ambalo mito yake haifiki baharini. Kipimo cha floraidi si cha gharama ya kutisha ukilinganisha na gharama ya kuchimba kisima kirefu, na kila kisima cha umma hupaswa kupimwa kabla ya kuanza kutumika. Kinachokosekana ni njia ya kuyatoa majibu hayo kwenye faili na kuyafikisha kwenye gati, ofisi ya mtaa, shule na zahanati kwa lugha ambayo kila mtu ataielewa.

Hoja inayotolewa mara nyingi dhidi ya uwazi wa namna hii ni kwamba utazua taharuki. Wananchi, inadaiwa, wataacha maji ya mamlaka na kurudi kwenye visima vifupi vilivyochimbwa karibu na vyoo, na kipindupindu kitarudi. Hofu hiyo si ya kupuuzwa. Ingekuwa kosa kubwa mtu kuacha maji yaliyotiwa klorini na kwenda kuchota kwenye dimbwi kwa kuogopa madoa ya meno.

Lakini hofu hiyo inajibiwa kwa ujumbe kamili, si kwa kunyamaza. Ujumbe kamili una sehemu mbili. Kwanza, maji yenye floraidi nyingi yanafaa kwa kufua, kuoga, kusafisha nyumba na kujengea, kwa hiyo hakuna haja ya kufunga kisima. Pili, maji yanayohitaji kuwa na floraidi kidogo ni yale ya kunywa na kupikia tu, na hasa ya watoto wadogo. Hesabu ikifanywa hivyo, tatizo lililoonekana kubwa kama mlima linaanza kuwa la ukubwa wa tangi.

Fikiria familia ya watu sita. Kwa kunywa na kupikia, lita tano kwa kila mtu kwa siku zinatosha, yaani lita 30 kwa familia nzima. Mvua ya Singida hunyesha kati ya Novemba au Desemba na Aprili, na kiangazi hudumu kwa takriban miezi saba. Kwa siku 210 za kiangazi familia hiyo itahitaji lita 6,300 zilizohifadhiwa. Nyumba ya bati yenye paa la mita za mraba 50, mahali panapopata milimita 600 za mvua kwa mwaka, hupokea lita 30,000. Hata robo yake ikipotea kwa kumwagika na kuosha paa, zinabaki zaidi ya lita 22,000.

Maji ya mvua hayana floraidi ya kutia shaka, kwa kuwa hayajapita kwenye mwamba. Kikwazo ni bei ya tangi, na kwa familia nyingi za Singida tangi la lita 5,000 ni ndoto. Lakini kama lengo ni watoto wawili walio chini ya miaka minane, kwa lita nne kila mmoja kwa siku, kiangazi chote kinahitaji lita 1,680. Tangi la lita 2,000 linatosha. Shule ya msingi yenye paa refu na mifereji mizima ya bati inaweza kuwapa maji ya kunywa wanafunzi wake wa madarasa ya chini kwa sehemu kubwa ya mwaka. Ni mradi ambao halmashauri, wazazi na wafadhili wanaweza kuuanza bila kusubiri bajeti ya taifa.

Njia ya pili ni kuyasafisha maji yenyewe. Tanzania ina uzoefu wake katika hili. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, mkoani Arusha, kilicho chini ya Wizara ya Maji, kimefanya kazi kwa miaka mingi juu ya uondoaji wa floraidi kwa kutumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mifupa huchomwa kwa joto kubwa na hewa kidogo, husagwa, kisha maji hupitishwa taratibu ndani yake. Madini ya mfupa hukamata floraidi na kuiacha nyuma. Nchini Kenya, Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru ilitengeneza na kusambaza vichujio vya aina hiyo kwa miaka mingi.

Singida ni mkoa wa wafugaji, hivyo mifupa si bidhaa adimu. Hata hivyo, kichujio cha mkaa wa mifupa kina udhaifu wake. Mifupa isipochomwa vizuri maji hupata harufu na ladha mbaya, na watu huyakataa. Waumini wa dini mbalimbali wana haki ya kujua mifupa imetoka kwa mnyama gani na ameandaliwaje. Zaidi ya yote, mkaa huo hujaa baada ya muda, na ukishajaa maji hupita bila kusafishwa huku yakionekana yale yale. Bila mtu wa kupima na kubadilisha, kichujio hugeuka pambo la jikoni.

Ipo pia njia ya kutumia shabu na chokaa, iliyopewa jina la Nalgonda, wilaya ya India ilikoanza kujulikana, na ipo mitambo ya kisasa inayosukuma maji kwa nguvu kupita kwenye utando mwembamba. Ya kwanza ni nafuu lakini huhitaji kipimo sahihi cha dawa kila siku na huacha tope la kutupwa. Ya pili husafisha vizuri lakini hula umeme na kupoteza sehemu ya maji, jambo ambalo mji wenye upungufu hauwezi kulichukulia kwa wepesi. Kwa mamlaka yenye visima vingi, njia nyepesi kuliko zote ni kuchanganya: maji ya kisima chenye floraidi nyingi kukutanishwa ndani ya tangi kuu na ya kisima chenye floraidi kidogo, hadi mchanganyiko uwe ndani ya kiwango. Lakini hata hilo linadai kila kisima kijulikane na kipimwe mara kwa mara.

Lipo jambo moja ambalo halipo kwenye bomba kabisa. Watafiti waliofanya kazi kaskazini mwa Tanzania katika miaka ya 1990 walishangaa kukuta watoto wenye meno yaliyoathirika sana katika vijiji ambavyo maji yake yalikuwa na floraidi kidogo. Jibu lilipatikana jikoni, kwenye magadi yanayotiwa katika maharage, makande na mboga ili viive haraka na kulainika. Magadi yanayookotwa kandokando ya maziwa ya chumvi huweza kubeba floraidi nyingi. Katika mkoa uliozungukwa na maziwa ya aina hiyo, ushauri wa kupunguza magadi kwenye chakula cha mtoto hauhitaji mkandarasi wala mkopo. Unahitaji mhudumu wa kliniki ya mama na mtoto anayeujua.

Nje ya mji hali ni ngumu zaidi. Tangu mwaka 2019 maji ya vijijini yako chini ya Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini (RUWASA), ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka huo. Katika Wilaya ya Mkalama, kuelekea bonde la Ziwa Eyasi, huishi jamii ya Wahadzabe, ambao kwa vizazi vingi waliishi kwa uwindaji, asali na matunda ya porini, wakihama kufuata chemchemi na mashimo ya maji. Kadiri maeneo yao yanavyopungua na wanavyohimizwa kukaa mahali pamoja, ndivyo wanavyozidi kutegemea kisima kimoja kwa mwaka mzima. Mtu anayehama hunywa maji ya miamba mingi. Anayetulia hunywa ya mwamba mmoja, na kama mwamba huo ni mbaya, hana njia ya kuukwepa. Kisima cha jamii kama hiyo hakipaswi kuwa cha mwisho kupimwa.

Wapo wanaoamini kuwa suluhisho la kudumu litatoka mbali. Arusha, iliyosumbuliwa na floraidi kwa muda mrefu, ilipata mradi mkubwa wa takriban Sh520 bilioni kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, uliotafuta vyanzo vipya, vikiwemo visima vya Wilaya ya Hai. Maji ya Ziwa Victoria, ambayo yana floraidi kidogo, yalifika Shinyanga na Kahama mwishoni mwa miaka ya 2000, kisha yakavutwa hadi Tabora, Nzega na Igunga. Igunga ipo kwenye barabara kuu ile ile inayoingia Singida, na mpango wa kuyafikisha maji hayo Singida na Dodoma umezungumzwa na viongozi kwa miaka kadhaa.

Mpango huo unastahili kuungwa mkono. Mkoa ambao sensa ya mwaka 2012 iliukuta na watu wapatao milioni 1.37 ulikuwa umefikisha milioni mbili katika sensa ya mwaka 2022, na visima peke yake haviwezi kuukimbiza ukuaji huo. Lakini bomba la mamia ya kilomita huchukua miaka mingi kupangwa, kutafutiwa fedha na kujengwa. Meno ya mtoto hayasubiri. Mtoto anayezaliwa leo katika kata ya Mandewa au Mtipa atakuwa amemaliza kuumbiwa meno yake ya kudumu katika miaka minane ijayo, bomba liwe limefika au halijafika.

Ndiyo maana kinachoweza kufanyika sasa kina thamani kuliko kinavyoonekana. Ubao mdogo kwenye kila gati na kila kisima cha umma, wenye tarehe ya kipimo na kiwango cha floraidi, ungegharimu sehemu ndogo sana ya mradi wowote wa maji. Rangi mbili, kama zilizotumika Bangladesh, zingemfikia hata asiyesoma. Ripoti za mafanikio zingehesabu wanaopata maji yaliyo ndani ya kiwango cha TBS cha mwaka 2018, kando ya wale wanaopata maji tu. Na kiongozi anayekata utepe wa kisima angeulizwa, pamoja na idadi ya lita kwa saa, idadi ya miligramu kwa lita.

Mwaka 1974 taifa lilikubali kiwango cha juu kwa sababu lilikuwa halina njia nyingine, na likakiita cha muda. Zaidi ya miaka hamsini imepita. Kizazi kilichokunywa maji ya kiwango hicho kikiwa utotoni sasa kina wajukuu, na wengi wao bado hufunika mdomo kwa kiganja wanapocheka. Maji ni uhai, kama kaulimbiu inavyosema. Mkazi wa Singida Mjini anayelipa ankara yake kila mwezi ana haki ya kujua yaliyomo ndani ya ndoo yake kabla hajamnywesha mwanawe.